Carmen Herrera, mchoraji wa Kuba aliyeuza turubai yake ya kwanza akiwa na miaka 89

Mwaka wa 2004, mwenye jumba moja la sanaa jijini New York alijikuta katika shida ndogo. Alikuwa anatayarisha maonyesho ya wanawake wa Amerika ya Kilatini wanaochora kwa mistari na maumbo ya kijiometria, na mmoja wao alikuwa amejiondoa dakika za mwisho. Rafiki yake, mchoraji Tony Bechara, alimwambia kuna bibi mmoja wa Kuba anayeishi hapo hapo Manhattan, naye anachora hivyo tangu zamani.

Picha zilipoletwa, mwenye jumba alidhani ni kazi za Lygia Clark, mchoraji mashuhuri wa Brazil. Akaambiwa hapana. Alipoangalia tarehe, aliona kwamba baadhi ya picha hizo zilitangulia zile za Clark kwa miaka kama kumi. Akataka kujua: huyu mama yuko wapi?

Mama huyo alikuwa Carmen Herrera. Alikuwa na miaka 89, ni mjane, na chumba chake kilijaa turubai ambazo hakuna mtu alikuwa amezinunua. Katika maonyesho yale, watu wenye uwezo walianza kununua. Mmoja wao, Ella Fontanals-Cisneros, alichukua tano. Miaka kumi na tano baadaye, turubai yake moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 2,9.

Magazeti mengi yalisimulia habari hii kama hadithi ya bahati: bibi kizee aliyegunduliwa ghafla. Lakini ukifuata maisha yake mwaka kwa mwaka, unaona jambo lingine. Carmen Herrera hakuwa amejificha. Alionyesha kazi zake Paris, Havana na New York. Watu walipita mbele ya picha zake, wakaziona, wakaendelea na safari yao.

Mtoto wa wanahabari

Carmen Herrera alizaliwa Havana, mji mkuu wa Kuba, tarehe 31 mwezi wa tano mwaka wa 1915, katika nyumba ya watu wa gazeti. Baba yake, Antonio Herrera, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa gazeti El Mundo na mhariri wake. Mama yake, Carmela Nieto, alikuwa mwandishi wa habari na mtetezi wa haki za wanawake. Baba alifariki Carmen akiwa bado mtoto mdogo sana, na mama akabaki kulea familia huku akiandika.

Tangu utotoni alipata mwalimu wa kuchora nyumbani. Alipofika miaka 14 alipelekwa Paris kusoma, kama ilivyokuwa desturi ya familia zenye nafasi Havana siku hizo. Aliporudi, aliingia Chuo Kikuu cha Havana mwaka wa 1938 kusomea usanifu wa majengo. Hakumaliza. Kuba ilikuwa katika misukosuko ya siasa, chuo kilikuwa kikifungwa na kufunguliwa, na yeye alikaa huko mwaka mmoja tu.

Mwaka huo mmoja ulitosha kumbadilisha. Katika usanifu alijifunza rula, penseli, kipimo na mstari ulionyooka. Baadaye alikuwa akisema kwamba mlango uliofunguka pale haukufungwa tena. Picha zote alizokuja kuchora baadaye zina kitu cha fundi wa majengo ndani yake: zimepimwa, zimesawazishwa, na hakuna kilichowekwa bila sababu.

Mwaka wa 1939 aliolewa na Jesse Loewenthal, Mmarekani aliyekutana naye Havana, wakahamia New York. Jesse alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya Stuyvesant. Mshahara wake wa ualimu ndio uliolipa kodi ya nyumba, chakula na rangi za mke wake kwa miaka mingi.

Paris ilimfundisha kupunguza

Mwaka wa 1948, vita vya pili vya dunia vikiwa vimekwisha, Carmen na Jesse walikwenda kuishi Paris. Mji ulikuwa umejaa wasanii kutoka kila pembe ya dunia. Kulikuwa na chama kilichoitwa Salon des Réalités Nouvelles, kilichoandaa maonyesho ya wale waliokuwa wameacha kuchora watu, miti na nyumba, wakabaki na rangi na maumbo peke yake. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita sanaa ya dhahania: picha ambayo haiigi kitu cha nje, bali yenyewe ndiyo kitu.

Carmen alionyesha huko kuanzia mwaka wa 1949. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mmoja wa wakubwa wa Salon alitazama picha yake, akamwambia ameweka picha nyingi nzuri ndani ya picha moja. Mwanzoni alidhani anasifiwa. Alipofika nyumbani akaelewa: alikuwa anaambiwa vitu vimezidi. Tangu siku hiyo akaanza kuondoa. Rangi tano zikawa tatu, na tatu zikawa mbili. Duara na mikunjo vikapungua, mstari ulionyooka ukabaki.

Huko Paris pia alianza kutumia rangi ya akriliki, iliyokuwa mpya wakati ule na iliyokuwa ikitumiwa na wachache. Rangi hiyo hukauka haraka na huacha uso laini, ukingo wake ukiwa safi kama umekatwa kwa kisu. Ndiyo iliyomfaa mtu aliyetaka mstari usioyumba.

Mwaka wa 1952 alichora turubai yenye mistari myeusi na myeupe inayofuatana, rangi mbili tu. Shika tarehe hiyo, kwa sababu ni muhimu kwa yanayofuata.

Walioingia na aliyebaki nje

Mwaka wa 1954 Carmen na mume wake walikuwa wamekwisha kurudi New York. Mwaka huo huo alirudi pia Mmarekani mmoja kijana, Ellsworth Kelly, ambaye naye alikuwa Paris miaka ile ile na alionyesha katika Salon ile ile. Picha za wawili hao zilikaribiana: rangi chache, ukingo mkali, hakuna mapambo.

Njia zao hazikukaribiana hata kidogo. Mwaka wa 1956 Kelly alipata maonyesho yake binafsi katika jumba la Betty Parsons. Mwaka wa 1957 makumbusho ya Whitney yalinunua turubai yake. Mwaka wa 1973 makumbusho ya MoMA yalimwandalia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake. Mwingine, Frank Stella, alijulikana mwaka wa 1959 kwa turubai nyeusi zenye mistari, miaka saba baada ya ile turubai ya mistari ya Carmen. Mwaka wa 1970, Stella alikuwa na maonyesho makubwa MoMA kabla hata ya kufika miaka 35.

Hakuna anayesema kwamba Kelly au Stella waliiba kitu. Wote walikuwa wanatafuta jambo moja katika wakati mmoja, kila mtu kwa njia yake. Swali ni kwa nini milango iliyofunguka kwa wengine ilibaki imefungwa kwa huyu.

Sababu moja alipewa waziwazi. Alikuwa akisimulia kwamba mwenye jumba moja la sanaa, ambaye pia alikuwa mwanamke, alimwambia uso kwa uso kwamba anachora vizuri kuliko wanaume wote aliokuwa nao pale, lakini hatampa maonyesho kwa sababu yeye ni mwanamke. Carmen alisema alitoka pale kama mtu aliyepigwa kofi.

Sababu ya pili ni alikotoka. New York ya miaka ya hamsini ilitaka sanaa ya Kimarekani, na aliyetoka Kuba alitarajiwa kuchora minazi, ngoma na jua kali. Mkuba anayechora pembetatu ya kijani juu ya nyeupe hakuwa na kabati la kuwekwa. Sababu ya tatu ni kwamba soko lilikuwa linapenda kitu kingine: rangi zilizorushwa kwa nguvu juu ya turubai, kama alivyofanya Jackson Pollock. Picha tulivu, iliyopimwa kwa rula, ilionekana baridi.

Hakuwa bila marafiki. Mchoraji Barnett Newman na mke wake walikuwa majirani zake na watu wa kuzungumza nao. Lakini urafiki wa wasanii peke yake haufungui milango ya majumba ya sanaa.

Na Kuba je?

Nyumbani pia hapakuwa na nafasi rahisi. Ni kosa kudhani kwamba Kuba haikuwa na wachoraji wa aina yake. Havana ya miaka ya hamsini ilikuwa na kundi lenye nguvu. Loló Soldevilla, mwanamke aliyeanza kuchora akiwa mtu mzima, aliishi Paris kisha akarudi, na mwaka wa 1957 akafungua jumba la sanaa liitwalo Color-Luz pamoja na Pedro de Oraá. Kati ya mwaka wa 1959 na 1961 wachoraji hao walijiunga katika kundi lililojulikana kama Diez Pintores Concretos, yaani wachoraji kumi wa maumbo halisi.

Lakini mwaka wa 1959 ndio mwaka wa mapinduzi ya Fidel Castro. Nchi iliingia katika wakati wa mabango, picha za mashujaa na ujumbe unaosomeka na kila mtu. Mraba na pembetatu havikuwa na la kusema juu ya mapinduzi, na kundi lile likasambaratika. Soldevilla alifariki mwaka wa 1971. Kazi za kundi hilo zilibidi kungoja mpaka mwaka wa 2015 na 2016 ndipo jumba la David Zwirner likazionyesha kwa wingi London na New York.

Kwa hiyo Carmen alikuwa kati ya ng'ambo mbili za mto. New York ilimwona Mkuba, na Havana ilikuwa imekwisha kuwa mbali. Alibaki na chumba chake, dirisha lake na meza yake.

Nyeupe na kijani

Ndani ya chumba hicho alifanya kazi ambayo leo wengi wanaiona kuwa kilele chake. Kuanzia mwaka wa 1959 hadi 1971 alichora mfululizo wa turubai alizoziita Blanco y Verde, yaani nyeupe na kijani. Ni rangi hizo mbili tu, kwa miaka kumi na miwili.

Katika turubai hizo, nyeupe inachukua karibu uwanja wote. Kijani kinaingia kama pembetatu nyembamba na ndefu, ncha yake kali ikikaribia ukingo au ikikutana na ncha nyingine. Mara nyingine turubai mbili zimeunganishwa, na mstari wa kiungo unakuwa sehemu ya picha. Rangi haikomei mbele. Carmen aliipaka mpaka pembeni, kwenye unene wa turubai, hivi kwamba ukisogea kushoto au kulia unagundua kijani kinaendelea. Turubai inaacha kuwa dirisha la kuchungulia, inakuwa kitu kilichojengwa.

Katika miaka hiyo hiyo alibuni pia kazi za mbao alizoziita Estructuras, vipande vizito vya rangi moja vinavyokaribia kugusana. Kuzitengeneza kulihitaji fundi na pesa, na nyingi zilibaki kwenye karatasi kwa miaka mingi. Kisha, kati ya mwaka wa 1975 na 1978, alichora turubai saba, moja kwa kila siku ya juma.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya mtu wa nidhamu. Asubuhi alikaa mezani karibu na dirisha, akachora kwa penseli na rula kwenye karatasi. Aliyoipenda aliipa rangi, akaitazama siku kadhaa. Ikimridhisha, alihamishia vipimo kwenye turubai, akabandika utepe kando ya mstari, ndipo akapaka. Uzee ulipofika na baridi yabisi ikakamata mikono, msaidizi alibandika utepe na kupaka, lakini kila mstari na kila rangi iliamuliwa na yeye, akiwa ameketi katika kiti chake cha magurudumu.

Mwaka wa 1984 jumba moja dogo jijini New York, Alternative Museum, lilimwandalia maonyesho ya kazi zake za miaka mingi. Mwaka wa 1998 El Museo del Barrio, makumbusho ya Walatini wa New York, yalionyesha turubai zake nyeusi na nyeupe. Wachache walisifu, lakini wanunuzi hawakuja.

Jesse alifariki mwaka wa 2000, akiwa na miaka 98. Wameishi pamoja miaka zaidi ya sitini. Hakuona hata moja ya yale yaliyokuja baadaye.

Basi likafika

Baada ya maonyesho ya mwaka wa 2004, mambo yalikwenda haraka. Ile turubai ya mistari ya mwaka wa 1952 iliingia MoMA kama zawadi ya Agnes Gund na Tony Bechara. Makumbusho ya Hirshhorn ya Washington na Tate Modern ya London yakafuata. Mwaka wa 2009 jumba la Ikon la Birmingham, Uingereza, lilimpa maonyesho makubwa, na maonyesho hayo yakaendelea mpaka Ujerumani.

Mwaka wa 2015, alipotimiza miaka 100, filamu ya Alison Klayman juu ya maisha yake ilitoka. Mwezi wa tisa mwaka wa 2016, Whitney, makumbusho yale yale yaliyonunua Kelly mwaka wa 1957, yalifungua maonyesho yake yenye kazi zaidi ya 50, turubai tisa za Blanco y Verde zikiwa pamoja katika chumba kimoja. Alikuwa na miaka 101. Mwaka wa 2019 zile Estructuras alizozibuni zamani zilisimamishwa kwa alumini ya rangi katika bustani ya City Hall, katikati ya New York, ambapo wapita njia walizizunguka wakienda kazini.

Waandishi walipomuuliza juu ya kungoja kwake, alipenda kurejea msemo wa basi: ukingoja, basi litakuja. Kisha akaongeza kwamba yeye alikuwa amelingoja karibu miaka mia. Watu walicheka, naye akacheka. Lakini si wote waliosimama kituoni wanaishi mpaka miaka 106. Soldevilla hakuishi. Na wako wengine ambao majina yao hatutayajua kamwe, kwa sababu walikufa wakiwa na miaka 60 au 70, na watoto wao wakazitupa turubai ili kupata nafasi ndani ya nyumba.

Pia kuna suala la pesa. Ile turubai ya dola milioni 2,9, iliyouzwa katika mnada wa Sotheby's mwaka wa 2019, ni moja ya zile nyeupe na kijani. Katika mnada, pesa humwendea anayeuza, si aliyechora. Ufaransa ina sheria tangu mwaka wa 1920 inayompa msanii sehemu ndogo kila kazi yake inapouzwa tena. Sheria ya Marekani haimpi kitu. Bei kubwa ilimpa Carmen heshima, na iliinua thamani ya kazi alizobaki nazo, lakini hailipi miaka sitini ya kuishi kwa mshahara wa mwalimu.

Yeye mwenyewe hakutaka kulia juu ya hayo. Alikiri kwamba kutojulikana kulimpa uhuru: hakuna mtu aliyemwambia achore nini, na hakuwa na mteja wa kumfurahisha. Ni kweli, na kazi zake zinaonyesha hivyo. Hata hivyo ni jambo moja msanii kusema hivyo juu ya maisha yake, na ni jambo lingine sisi kulitumia kama kisingizio cha kumwacha mtu gizani.

Marafiki walikuwa wakimwambia kwamba bahati hii yote imepangwa na Jesse kutoka mbinguni. Carmen alimpenda sana mume wake, lakini maneno hayo hayakumfurahisha. Alijibu kwamba yeye alifanya kazi kwa bidii. Labda, alisema, ni yeye mwenyewe aliyefanya hivyo.

Carmen Herrera alifariki nyumbani kwake Manhattan tarehe 12 mwezi wa pili mwaka wa 2022, akiwa na miaka 106.